Kuziba kwa Utumbo: Maneno na Upasuaji wa Farasi, Punda na Ng'ombe

Kiswahili kimemjua farasi kwa nje kuliko kwa ndani. Vitu vya mpandaji vina majina yake tangu zamani: seruji, lijamu, hatamu, na kikuku cha kutilia mguu, na mengi ya majina hayo yalivuka bahari kutoka Arabuni, kama lilivyovuka neno farasi lenyewe. Mwendo wake nao una maneno yake, maana farasi huenda matiti, tena huenda shoti. Lakini mtu akitaka kueleza kilichomo tumboni mwa mnyama huyo, na hasa akitaka kueleza namna kinavyoharibika, aona ghafula kwamba maneno yamepungua. Sababu si uvivu wa lugha. Katika pwani hii farasi alikuwa mnyama wa wakubwa. Aliyempanda hakumchinja, na mtu asiyemchinja mnyama hajui matumbo yake. Ng'ombe na mbuzi, ambao huchinjwa kila siku, wana majina ya ndani mpaka "kitabu", yaani lile tumbo la tatu lenye kurasa kurasa.

Upungufu huo si jambo la kamusi tu. Utumbo uliojisokota huweza kumwua farasi katika muda wa mchana mmoja, na hali utumbo uliojaa tu huweza kufunguka kwa dawa ya kunywesha pasipo kisu. Kati ya hali hizo mbili, mtu wa kwanza kuamua si daktari, bali ni mchungaji au mwenye mnyama, kwa maneno anayoyapeleka. Mfugaji wa Kibaha au wa Kisarawe anapompigia simu Bwana Mifugo akasema "tumbo linamuuma", amesema kweli, lakini hajasema neno lolote la kumjulisha mwenzake kama aje kesho na chupa ya dawa au aje sasa hivi na visu. Makala haya yaeleza namna utumbo unavyoziba, namna unavyopasuliwa, na maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo kwa kazi hiyo.

Yafaa kuanza na farasi wawili waliokufa nyuma ya Bagamoyo. H. M. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, akiwa na punda wengi na farasi wawili, na mmoja wa farasi hao alikuwa zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Msafara ukavuka mto Kingani, ndio huu Ruvu unaopita Mlandizi wilayani Kibaha, ukaingia nchi ya Wakwere. Na walipokuwa katika kijiji cha Kingaru farasi wa Sultani akafa. Stanley akampasua ili ajue sababu. Ndani ya tumbo akakuta mtama na majani ambayo hayajasagika, na minyoo 25 mifupi, minene, myeupe, iliyong'ang'ania ukuta wa tumbo kama ruba. Na utumbo nao ulikuwa umejaa minyoo mirefu.  Ndipo jumbe wa Kingaru alipodai alipwe nguo, kwa kuwa farasi amezikwa katika ardhi yake pasipo ruhusa. Stanley akajibu kwamba yuko tayari kumfukua na kumwacha pale pale juu ya ardhi kama alivyokuwa, na mara jumbe akaona afadhali mzoga ubaki kaburini. Haukupita muda mrefu farasi wa pili naye akafa.

Kisa hicho huchekesha, walakini kina faida kwa mtafiti. Minyoo ile mifupi, kwa jinsi inavyoelezwa, yaelekea haikuwa minyoo hata kidogo, bali ni funza wa namna ya inzi atagaye mayai yake juu ya manyoya ya farasi. Na ile mirefu ni ya jinsi ambayo, katika farasi wachanga, huweza kujikusanya kama kamba na kuziba utumbo mwembamba. Hata hivyo daktari wa leo angesita kuitia hatiani minyoo peke yake, maana nchi ile ni nchi ya ndorobo aletaye nagana, na tena uko ugonjwa mwingine wa farasi wa Afrika uenezwao na usubi, ambao huua kwa siku chache. Neno kubwa zaidi ni kwamba tumbo lilifunguliwa baada ya mnyama kufa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu kila mahali, si katika Ukwere tu. Hata Ulaya na Marekani, farasi aliyepasuliwa tumbo aghalabu alikufa mpaka ilipofika miaka ya 1960 na 1970, ambapo dawa za usingizi, maji ya kutiwa katika mishipa na dawa za kuzuia usaha zilipokamilika kiasi cha kumwezesha mpasuaji kufanya kazi bila haraka ya kukimbizana na mauti.

Leo farasi ni wachache Tanzania Bara. Wajulikanao sana mjini Dar es Salaam ni wale wa kikosi cha polisi. Katika Kibaha na Kisarawe wanyama wenye kuziba matumbo ni ng'ombe, mbuzi, na punda wanaokuja pamoja na wafugaji. Lakini farasi hana budi kuelezwa kwanza, kwa sababu tumbo lake laonyesha karibu kila namna ya kuziba, na maneno yaliyopimwa juu yake hufaa kwa wanyama wengine wote.

Neno la kwanza lenye taabu ni tumbo. Tumbo ni sehemu yote ya mwili iliyo kati ya kifua na nyonga. Tumbo ni ule mfuko uingiamo chakula. Tena tumbo ni mimba. Utumbo ni ule mrija mrefu ufuatao mfuko. Lakini ufikapo uwingi, yote huchanganyika, kwa maana matumbo ni uwingi wa tumbo, na matumbo ndilo neno la kila siku kwa mrija ule wote. Chango ni neno la zamani kwa utumbo mwembamba, nalo huaminika vizuri kwa mchinjaji; bahati mbaya katika midomo ya watu chango limekuwa pia jina la maumivu ya tumbo, na ndugu yake mchango ni jina la mnyoo. Basi mtu akisema "ana chango", huenda ametaja kiungo, au maumivu, au mnyoo. Kwa ajili hiyo ni heri kushika "utumbo mwembamba" na "utumbo mpana", kama zisemavyo shule, na kuacha chango kwa wachinjaji na wakunga.

Katika farasi majina hayo mawili hayatoshi. Mfuko wake wa chakula ni mdogo kwa mnyama wa ukubwa ule, haupiti lita 15 hivi, na mlango wake wa juu umefungwa kwa nguvu hata farasi hawezi kutapika. Kitu chochote kikizuia njia mbele, mfuko hujaa maji na hewa, wala hauna pa kutolea, mwisho hupasuka. Baada ya mfuko ni utumbo mwembamba, mita 20 hivi, unaoning'inia katika utando wake ukitikisika huku na huku. Kisha ni mfuko mwingine mkubwa wa lita 30 hivi usio na mlango wa pili upande wa mwisho, uliokaa mahali ambapo mtu ana kidole tumbo. Kisha utumbo mpana, mita tatu au nne, uliokunjwa mara mbili kama chandarua kilichotiwa katika sanduku. Na mwisho ni ule mwembamba zaidi ufanyao samadi kuwa madonge, ndipo puru. Mahali pa kukumbuka ni pale utumbo mpana unapopinda karibu na nyonga: hapo mrija mpana hugeuka ghafula kuwa mwembamba, na hapo ndipo chakula kikavu hukwama. Utumbo mpana wenyewe, isipokuwa mwanzo na mwisho wake, haukufungwa popote katika ukuta wa tumbo. Walala huru, na kwa uhuru huo huweza kupinduka.

Sasa yaja maneno ya vitendo, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko wengi wanavyodhani. Lugha nyingine zina jina moja la kuziba, nazo huongeza sifa ili kupambanua. Kiswahili hupambanua katika kitenzi chenyewe, kwa viambishi, na upambanuzi huo walingana na ule wa mpasuaji kwa namna ya kustaajabisha.

Utumbo huweza kushindiliwa. Kushindilia ni kusukuma kitu kwa nguvu mpaka kikajaa pomoni, kama baruti katika bunduki ya zamani. Farasi mwenye meno mabovu asiyetafuna sawasawa, au aliyekosa maji, au alaye juu ya mchanga, utumbo wake mpana hushindiliwa pale penye pindo. Hii ndiyo namna iliyo nyepesi kuliko zote. Daktari hupitisha mpira puani mpaka katika mfuko, akatia maji mengi, na haluli, ama mafuta ya parafini ya kunywewa yaliyosafishwa kwa kazi hiyo, akamzuilia chakula. Na katika wagonjwa wengi njia hufunguka kwa siku moja au mbili. Kisu ni cha wale wachache wasiofunguka.

Utumbo huweza kuzibwa. Hapa kiambishi cha kutendwa chadai mtenda: umezibwa na nini? Na kwa hakika yupo mtenda, kama jiwe lililojijenga ndani kwa miaka mingi kuzunguka chembe ya changarawe, au donge la kamba na nailoni, au ile kamba ya minyoo iliyokufa yote kwa mara moja baada ya dawa. Kitu cha namna hiyo hakiyeyuki kwa haluli. Daktari anayeambiwa "umezibwa" ana haki ya kuuliza mnyama huyu hula wapi.

Utumbo huweza kuhama, yaani kutoka mahali pake bila kujifunga. Maarufu zaidi ni pale utumbo mpana unapopanda ukaangika kati ya wengu na figo ya kushoto. Baadhi ya hao hurudishwa kwa dawa ya kupunguza wengu na kumkimbiza farasi taratibu, na wengine hupasuliwa.

Utumbo huweza kujiingilia, sehemu moja ikaingia ndani ya ile inayofuata, kama mkono wa kanzu uliopinduliwa nusu. Tena huweza kubanwa: katika farasi wazee uvimbe wa mafuta wenye kikonyo kirefu huzunguka utumbo na kuukaza kama kitanzi, au utumbo hupenya tundu na kunaswa humo, kama vile katika ngiri. Na mwisho huweza kujisokota, ama utumbo mwembamba juu ya utando wake, ama ule mpana wote kwa pamoja.

Watu wa pwani husema "tumbo linanisokota" kwa kila maumivu ya kukata, hata ya maembe mabichi. Usemi huo ni wa hisia, nao waenda na wakati wa -na-: jambo lingali likitendeka, na huenda likapita. "Utumbo umejisokota" ni usemi wa hali: kiambishi -ji- chaonyesha kwamba kiungo kimejitendea chenyewe, na -me- yaonyesha kwamba jambo limekwisha kuwa. Kwa mtu wa sarufi hiyo ni tofauti ya silabi mbili. Kwa farasi ni tofauti ya saa. Maana katika kubanwa na kujisokota si chakula peke yake kilichozuiwa; damu nayo imezuiwa. Mishipa inayorudisha damu hufungwa kwanza kwa kuwa kuta zake ni laini, nayo iletayo huendelea kusukuma, hata ukuta wa utumbo ukavimba, ukawa mwekundu, kisha wa zambarau, kisha mweusi. Katika muda wa saa nne mpaka sita sehemu iliyonyongwa sana huwa imekufa, na sumu yake imeanza kupenya katika damu. Kutoka Kibaha hadi Morogoro, palipo Chuo Kikuu cha Sokoine na walimu wa upasuaji wa mifugo, ni kiasi cha kilomita 150. Mtu akikawia saa tatu katika kusema "tumbo linamuuma", lori halina la kufanya.

Mpasuaji wa farasi huanza na nusukaputi. Neno hili yafaa lisifiwe kidogo. Wengi hulitafsiri kuwa ni nusu na lile "kaputi" lililoachwa na Wadachi, yaani nusu ya kufa. Na hakuna maelezo mafupi yaliyo bora kwa usingizi huo, ambao humtoa mnyama katika maumivu na kumwacha katika uhai. Kando yake limo neno ganzi, ambalo ni kufa kwa sehemu moja tu huku mwenyewe akiwa macho. Kwa maneno hayo mawili Kiswahili kimekwisha kuwagawa wapasuliwa: farasi hupasuliwa kwa nusukaputi, ng'ombe kwa ganzi.

Farasi akishalala hufungwa miguu na kuinuliwa kwa mashine mpaka juu ya meza, akalazwa chali. Manyoya hunyolewa, ngozi huoshwa mara nyingi, na tumbo hukatwa katikati kabisa, kuanzia kitovuni kuelekea kifuani, sentimita 25 hadi 30, kwa kufuata ule mstari mweupe unaokutanisha misuli ya pande mbili. Hapo damu ni kidogo na mshono hushika. Mpasuaji haanzi kukata tena. Huingiza mkono wote mpaka begani na kupapasa, akianza na ule mfuko usio na mlango wa pili, akifuata kanda zake kama mtu ashikaye ukuta gizani, mpaka apate pasipo sawa. Ikiwa ni kushindiliwa, hutoa nje utumbo mpana, huuweka juu ya sinia kubwa pembeni, huutoboa penye pindo, na kuuosha kwa maji mengi ya mpira mpaka uwe mtupu. Kisha hushona tundu mara mbili, mshono wa pili ukifunika wa kwanza. Ikiwa ni kujisokota, huusokotoa, halafu hungoja. Kungoja huko ndiko penye hukumu: utumbo unaorudi kuwa wa waridi na kujikunja ukiguswa utaishi, unaobaki mweusi na baridi lazima uondolewe, mishipa yake ifungwe kwa nyuzi, na ncha mbili nzima ziunganishwe. Farasi huweza kupoteza sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, hata karibu nusu, akaishi. Lakini si rahisi kumpunguzia utumbo mpana, kwa sababu sehemu yake haifikiki yote kwa kisu.

Farasi hajapona kwa kuwa ameshonwa. Kuamka katika nusukaputi kuna hatari yake, maana mnyama mzito mwenye woga hutaka kusimama kabla miguu haijawa tayari, na wengine huvunjika hapo. Kisha utumbo huweza kukataa kwenda, au tumbo likaingia usaha, au utumbo ukagandamana na ukuta kwa makovu, au kwato zikawaka moto kwa sababu ya sumu iliyoingia katika damu. Kwa hospitali zenye vyombo kamili, farasi wengi wanaofika mapema hutoka hai. Waliochelewa hawahesabiki pamoja nao.

Punda ni mgonjwa mgumu kuliko farasi, si kwa sababu ya tumbo lake, bali kwa sababu ya tabia yake. Farasi mwenye maumivu hugaragara, huparua ardhi kwa kwato, hutoa jasho, hugeuza shingo na kutazama ubavu wake. Punda husimama. Huinamisha kichwa, huacha kula, basi. Wenyeji wa pwani wana msemo "punda afe, mzigo ufike", na msemo huo hautaji ukatili wa mwenye mzigo tu. Wataja pia mnyama ambaye haonyeshi kwamba anakufa. Lamu, ambako punda ndio chombo cha uchukuzi na ambako shirika la Uingereza la kuhifadhi punda limekuwa na kituo cha tiba tangu mwaka 1987, shida kubwa ya matumbo imekuwa ni takataka: punda wanaotafuta chakula majalalani humeza nailoni na kamba, utumbo mpana ukazibwa. Tena punda akiacha kula kwa siku chache tu, mafuta ya mwili huingia kwa wingi katika damu na kumharibu ini, hata akafa kwa njaa kabla hajafa kwa kuziba.

Hapo ndipo neno moja la Kiswahili linapokuwa la hatari kuliko yote, nalo ni "ametulia". Mwenye punda anayesema ametulia, aghalabu ameeleza ugonjwa wenyewe. Na mwenye farasi aliyegaragara usiku kucha akasema asubuhi "sasa ametulia", huenda ameeleza kupona. Au huenda ameeleza saa ile ambayo mfuko uliojaa umepasuka, maumivu ya kunyoosha yakakoma, na mnyama amesimama na jasho baridi akingoja kufa. Bwana Mifugo aliye mbali hawezi kupambanua isipokuwa kwa kuuliza mengine: ufizi una rangi gani, mapigo ya moyo ni mangapi kwa dakika, ametoa samadi? Moyo wa farasi mzima aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44. Ukipita 60 na huku ufizi umekuwa wa zambarau, kutulia si kutulia.

Ng'ombe ndiye mgonjwa wa kila siku wa Kibaha na Kisarawe. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani zilikuwa na ng'ombe wachache zamani kwa sababu ya ndorobo. Siku hizi zina ng'ombe wa maziwa wanaofungiwa majumbani, hasa kando ya barabara kuu na kuelekea Dar es Salaam, na zimepokea pia makundi ya wafugaji kutoka bara. Kibaha ina hata kiwanda cha serikali cha kutengeneza chanjo za mifugo. Lakini hakuna chanjo ya mfuko wa rambo.

Rambo ni jina la shujaa wa sinema lililogeuka kuwa jina la mfuko mwepesi wa nailoni wa dukani. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea bidhaa Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006, na Kenya ilifuata njia hiyo tarehe 28 Agosti 2017. Marufuku hayakufukua ile iliyokwisha zikwa majalalani, wala hayakugusa kila karatasi ya nailoni ya kufungia vitu. Ng'ombe hachagui kwa midomo kama mbuzi. Huzoa kwa ulimi na kumeza, naye akikosa chumvi na madini wakati wa kiangazi hula hata nguo. Nailoni huingia katika tumbo la kwanza, lile kubwa la kucheulia, na haiwezi kupita tundu dogo la kwenda penye kitabu. Hubaki, ikasokotwa na kila mcheuo, ikawa donge gumu kama jiwe. Mnyama haonekani mgonjwa kwa wiki nyingi. Maziwa hupungua, mwili hukonda, ubavu wa kushoto huvimba na kunywea na kuvimba tena. Neno la kumpelekea daktari hapa ni la kukanusha: hacheui. Hilo moja lashinda sentensi kumi za "anaumwa".

Upasuaji wake huweza kufanywa zizini, mradi ni kwa mkono wa daktari aliyesajiliwa, kama ilivyoagizwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Ng'ombe hubaki amesimama, kichwa kimefungwa katika nguzo. Ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu na chini ya uti, hunyolewa na kuoshwa, na ganzi hudungwa kando ya mifupa ya uti ambapo neva zinatokea, au katika mstari juu na mbele ya mahali pa kukata. Hukatwa ngozi, kisha misuli tabaka kwa tabaka, kisha utando. Tumbo la kwanza huonekana likijisukuma lenyewe. Kabla ya kulifungua, ukuta wake hushonwa kwa muda katika kingo za ngozi, ili kilichomo kisidondoke ndani ya mwili, maana tone la uchafu huo katika utando wa tumbo huweza kuleta kifo ambacho donge halikuleta. Ndipo mpasuaji huvaa mpira mpaka begani na kutoa kwa mkono: nailoni, kamba, vipande vya ndala, na mara nyingine misumari iliyotangulia kuzama katika tumbo la pili, ambalo limepakana na moyo kwa utando mwembamba tu. Huyo mwenye msumari ndiye ambaye daktari hushukuru kumkuta mapema.

Tumbo huoshwa, hushonwa mara mbili kwa mshono wa kuingiza kingo ndani, hurudishwa mahali pake, na misuli na ngozi hufuata. Ng'ombe hupewa majani laini na maji siku ile ile, tena wengine hutiwa mcheuo wa ng'ombe mzima, ili wale wadudu wadogo wanaosaga majani tumboni warudi upesi. Nyuzi za ngozi huchomolewa baada ya siku 10 hadi 14. Katika muda huo mwenye ng'ombe huulizwa kila siku neno lile lile, na jibu linalongojwa ni fupi: anacheua.